Mahali pa Kombo Nimeweka Maji

Thamesmead, London
Jumapili, 11 Mei

Kaka yangu Shaame,

Asalaam aleikum. Nakuulizia kwanza goti lako, maana mara ya mwisho uliniambia linakataa kukunja na umeanza kusali juu ya kiti. Wifi yangu naye, presha imetulia? Na paa la jiko limeshatiwa bati, au bado mnahamisha sufuria kila mvua ikinyesha? Sisi huku wazima. Mwanangu Rahma anasoma, na mimi ningali na ile kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani kwao. Naamka, napanda basi, narudi, nalala. Alhamdulillahi.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu, na sababu unaijua. Kwa simu, nikifungua mdomo tu unasema "sikiliza mdogo wangu," basi nasikiliza mimi mpaka simu inakatika. Barua huwezi kuikatiza. Anayekuletea ni Bi Mwanakheri, jirani yangu, anayekuja kumwona mama yake. Nimemwomba akupe mkononi, na asiondoke mpaka akuone umeifungua.

Najua Faki, mdogo wake marehemu mume wangu Kombo, ameshakusimulia ya Jumapili iliyopita. Atakuwa amekwambia nimemwaibisha mbele ya mgeni wake, na kwamba nilikaa ndani ya buti la gari kama mtoto aliyesusa. Hilo la kukaa ndani ya buti ni kweli. Mengine nisikilize mimi.

Kile kigari umekiona kwenye picha. Kifupi, kimesimama juu juu, magurudumu yote manne yanavuta, na mlango wa nyuma unafunguka kwa pembeni kama wa kabati, tairi la akiba limening'inia mgongoni. Kombo alikinunua katika mwaka wake wa mwisho. Miaka yote tuliyokaa hapa tuliijua London ya basi na treni na ngazi za nyumba za watu. Milima tuliiona kwenye kalenda ya jikoni, na Kombo alitaka tuifikie.

Halafu kulikuwa na lile jambo la beseni, ambalo sijapata kukwambia. Tulikwenda pwani kutembea, na adhuhuri ikatukuta kwenye kituo cha mafuta. Nikaingia msalani kutawadha. Nilipoinua mguu kuuosha kwenye beseni, mama mmoja akanifokea mbele ya watu, akasema hapa si pa kuoshea miguu. Nilitoka na mguu mmoja mkavu. Kombo aliuona ule mguu. Tulipofika nyumbani akachukua boksi tupu la kiamshakinywa cha Rahma, akalikata, akachora gari kwa ndani yake, akasema, "Mize, nitakutilia mfereji wako mwenyewe, bomba la kutawadhia humo garini."

Ndivyo alivyokuwa. Penseli anaichomeka nyuma ya sikio, kisha anaitafuta nyumba nzima, na mimi namwacha aitafute kidogo kwa sababu nilipenda anavyonung'unika.

Katika mchoro wake kulikuwa na droo mbili ndefu za kuvutia kwa nyuma, moja yake na moja yangu. Juu ya droo, ubao na godoro la kulala watu wawili waliobanana. Maji yangekuwa kwenye dumu lenye mfereji, limefungwa kwa mkanda nyuma ya kiti. Alishakata mbao, akazisimamisha sebuleni ukutani. Basi moyo wake ukasimama kazini, gereji ya mabasi, saa ya chai.

Nikakaa eda. Eda ya ghorofani unaijua wewe? Hakuna uani pa kuota jua, hakuna wa kukuchungulia dirishani akakupa habari. Mimi na zile mbao tu, tunaangaliana. Siku moja nikazilaza chini. Kesho yake nikachukua msumeno.

Mke wa Faki alikuja kunitazama akanikuta nimejifunga ushungi, vumbi la mbao mpaka kwenye kope. Akasema, "Huyu mjane au seremala?" Nikamwambia, "Shoga, eda imenikataza kujipamba. Kupiga randa haikunikataza." Akacheka, halafu akakumbuka kuwa amekuja msibani, akaacha.

Droo ya kwanza ilitoka imepinda. Nikaivunja. Ya pili iliingia vizuri ikagoma kutoka, kwa kuwa reli za chuma nilizifunga moja juu kidogo ya mwenzake. Ya tatu ilikwenda na kurudi kama inateleza kwenye mafuta. Niliifungua na kuifunga, kuifungua na kuifunga, mpaka Rahma akatoka chumbani akaniambia kwa Kiingereza, maana ndivyo anavyonijibu sikuzote, kwamba watu wa chini watatushitaki. Kisha akaketi sakafuni, akaivuta na yeye.

Nilipotoka eda nikajaza dumu ili nilijaribu. Sikuweza kulinyanyua. Mgongo wangu, kaka, nimeuacha kwenye vitanda vya wazee wa watu. Nilisimama pale maegeshoni na dumu langu, nikaona kuwa Kombo alichora maji ya mtu mwenye mikono yake.

Ndipo nikamwendea Mzee Jayanti. Huyu ni Mhindi mzaliwa wa Tanga, fundi bomba mstaafu, anakaa jengo la pili kwa binti yake. Alikuwa akicheza karata na Kombo, na wakizozana kwa Kiswahili mpaka binti anafunga madirisha. Akaja na mkoba wake wa zamani, akalizunguka gari, akasema tuweke tangi lisilohamishwa, lijazwe kwa mpira wa maji, nisinyanyue kitu.

"Na pampu tutaweka ya kukanyaga," akasema. "Haitaki betri, haiharibiki. Unakanyaga, maji yanatoka."

"Nikitawadha, nikafika miguuni?"

"Unaosha mguu wa kulia, unakanyaga kwa wa kushoto."

"Kisha?"

"Kisha unaosha wa kushoto, unakanyaga kwa..." Akaitazama miguu yake mwenyewe.

"Kwa wa kulia, ambao nishauosha, umelowa, na chini ni matope."

Alicheka mpaka akashika ubavu. "Maisha yangu yote nafunga mabomba, hakuna mteja aliyeniuliza hilo. Haya, Mama Rahma, tutatia ya umeme. Miguu yako iwe na kazi moja."

Basi tukapima pa kuliweka tangi. Chini ya ubao haliingii, droo zimejaa. Nyuma ya viti haliingii. Mzee akapima tena, akavua miwani, akaifuta kwa shati ingawa haikuwa na uchafu.

"Gari ni dogo," akasema. "Tangi halina pa kukaa ila juu ya ubao. Na likikaa juu ya ubao, atalala mtu mmoja."

Alisema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa.  Usiniulize nilifanya nini jioni ile. Lakini asubuhi nilishuka na msumeno, nikapiga mstari juu ya ubao wa Kombo, upande wake wa kulala, nikakata. Tangi limekaa hapo, upande wa abiria, ili uzito wake usawazishe na wangu. Mahali pa Kombo nimeweka maji.

Nikafanya kosa moja ambalo utalicheka. Nililiziba tangi kila tundu, nikazungushia kitambaa na mpira, kama Mama alivyotufundisha kufunga pipa la mvua ili mbu wasitage. Nikabonyeza kitufe. Pampu ikaguna, maji yakatoka kidogo yakakoma, na tangi likaingia mashavu ndani kama bibi aliyevua meno ya bandia.

"Umeliziba pua!" Mzee akapiga kelele. "Maji yakitoka, hewa iingilie wapi?"

"Na mbu?"

"Mbu gani, baridi hii? Hata mimi nimechoka kuumwa na baridi, wao watakaa?"

Nikatoboa tundu la hewa. Na wavu mwembamba nikautia juu yake, kaka. Mimi ni mtoto wa Mama.

Mfereji nimeufunga nyuma, pembeni mwa droo, karibu na goti, ili maji yafike mikononi nikiinama na miguuni nikisimama. Siku ulipokamilika nilitawadha pale pale maegeshoni, hatua kwa hatua, kichwa na masikio na miguu yote miwili. Maji yalikuwa ya barafu. Hakuna aliyenifokea. Mtu mmoja alipita na mbwa wake akanisabahi.

Sasa hiyo Jumapili. Nilikuwa napiga msasa ukingo wa droo, Faki akatokea na kijana mmoja wa Kiingereza mwenye kofia. "Shemeji, nimekuletea mteja," akasema. "Kaka Shaame ameshakubali."

"Amekubali nini? Gari lina jina lake?"

"Tusibishane mbele ya mgeni, shemeji."

Kijana akachungulia, akagonga ubao kwa vidole, akauliza kama haya masanduku yanatoka. "Yanatoka," Faki akamjibu, "ni parafujo tu." Akainama akaokota bisibisi yangu, akaanza kufungua parafujo ya kwanza, ile iliyonishinda siku mbili.

Unajua sina sauti ya kugombana. Sikumnyang'anya. Nilipanda ndani, nikakaa juu ya godoro, miguu inaning'inia nje.

"Shemeji, shuka."

"Sishuki."

"Unatutia aibu."

"Aibu ipi? Mimi nimekaa kwangu. Wewe ndiye umeshika bisibisi ya mtu."

Yule kijana akauliza tunasemaje. Nikamwambia mwenyewe, kwa Kiingereza changu, kwamba gari haliuzwi. Akaomba radhi, akaisifu kazi, akaondoka. Faki akabaki na bisibisi mkononi, hajui aiweke wapi. Akasema, "Haya, Kaka Shaame atasikia." Nikamwambia, "Atasikia. Nitamwandikia mimi. Irudishe hiyo parafujo, halafu chai ipo juu." Akairudisha. Akanywa vikombe viwili.

Sasa nakujibu yale uliyonitumia kwenye simu, na nakujibu kwa heshima, kwa kuwa wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka skuli siku ya kwanza na ukanipa kiatu chako changu kilipokatika.

Ulisema mwanamke hasafiri peke yake bila maharimu. Kaka, miaka yote hii natoka alfajiri, giza, mabasi mawili, kwenda kumgeuza mzee wa mtu kitandani, na hata siku moja hujaniuliza nani ananisindikiza. Usianze kuniuliza sasa kwa sababu naenda ninakotaka.

Ulisema watu watasema. Waseme. Watu hao hao wakati wa msiba walisema sikulia vya kutosha.

Ulisema nakumbatia vitu vya maiti, kwamba hilo gari ni Kombo nisiyetaka kumzika. Hili liliniuma, na ndilo hasa lililonikalisha niandike. Ningekuwa namkumbatia, nisingekata ubao wake. Ningeliacha gari kama alivyoliacha, nikalifuta vumbi Ijumaa kwa Ijumaa. Mimi nimelikata, nimelitoboa, nimetia pampu ambayo yeye hakuichora na tangi ambalo hakuliwaza. Droo yake nimetia viatu vyangu vya matope na jiko la gesi. Alianza yeye, sikatai, lakini lililosimama pale chini ni langu. Nampenda kama nilivyompenda, na nitalala upande wangu.

Na chumba ulichonipakia rangi huko nyumbani ili nirudi kukaa, Mungu akulipe. Usikifungie kunisubiri. Mpe mwanao Bakari aoe, asiendelee kumweka mchumba wa watu kwenye maneno. Mimi nitakuja kuwaona, inshallah, kwa nauli yangu na kwa siku niliyoichagua, nikae, nile muhogo wa nazi wa wifi, tuzozane, kisha nirudi. Sirudi kuwa mjane wa kuwekwa chumba cha uani na kusemewa taratibu kama mgonjwa. Sijaumwa. Nimefiwa.

Kesho baada ya sala ya alfajiri naelekea kaskazini, kwenye ile milima. Likizo nimepewa. Rahma ameniwekea ramani kwenye simu, na Mzee Jayanti amenipa mpira wa akiba na vibano viwili, akaniagiza nisimpigie usiku kumuuliza kama tangi linapumua. Nina khofu, sikufichi. Njia zenyewe zinasemekana nyembamba, na mimi nikirudi nyuma bado nashika usukani kama naokoa mtu anayezama. Lakini khofu hiyo ni yangu, nitakwenda nayo.

Utakapokuwa unasoma hapa nitakuwa nimeshafika mbali, basi usimpigie Faki, wala usinitafutie mteja mwingine. Ukitaka kukasirika, kasirika, kisha uniombee dua ya msafiri.

Nisalimie wifi yangu, mwambie apunguze chumvi. Nisalimie mama mdogo, aliyebaki peke yake kati ya wazee wetu, umbusu mikono yake kwa niaba yangu. Nisalimie Bakari na mchumba wake. Msalimie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani kama angali hai, na binti yake, shoga yangu wa utotoni. Rahma anakuamkia shikamoo, na ameisema kwa Kiswahili.

Nikumbuke, kaka.

Mdogo wako,
Mize