Pale Wimbo Unaponyamaza

Deo, mdogo wangu wa tumbo moja,

Kabla sijakusalimu nikuambie: nakuonea wivu. Wivu wa kweli. Sahani yako ya santuri imefika Bukavu. Huku Kadutu jirani mwenye gramafoni anaipiga tangu watu watoke misa mpaka giza liingie, na kila mtu anasema, "Deo! Ule mutoto iko na akili!" Mimi nafua nguo, nasikiliza wimbo wangu kwa sauti yako.

Unaukumbuka ua wa mama? Mimi natwanga sombe, majani ya muhogo, wewe umekaa kizingitini na gitaa uliloletewa na baba. Wimbo niliutunga palepale, mchi ukinipigia ngoma. Ulinifuata kwa nyuzi, mstari kwa mstari, mpaka ukaushika wote. Siku moja ukanipa gitaa nijaribu, baba akatokea, akaninyang'anya. "Binti hashikake gitaa! Utaolewa na nani?" Wewe ulicheka. Ungeachaje kucheka, wakati hakuna aliyekuuliza utamwoa nani?

Kisha akaja yule mzungu wa kurekodi nyimbo. Tulikwenda ukumbini wote wawili, mimi nimevaa kitenge cha mama. Mlangoni karani akanizuia: "Maman, saa hii ni ya wanamuziki. Wanawake wataingia jioni, kwa kucheza." Ukaniambia, "Ngoja hapa, dada, nitawaambia." Nilingoja dirishani, nikakuona unaimba wimbo wote mpaka mwisho. Hukuwaambia.

Sasa uko Leopoldville, na vijana wa magitaa wa hapa wanabishana juu ya ule ukimya wako, katikati ya wimbo, gitaa linapokatika ghafla kisha linarudi. Wanasema ni ufundi wa Leopoldville, wanauiga usiku na mchana. Ufundi gani, jamani! Pale nilikuwa nasimamisha mchi nigeuze sombe, majani ya chini yaje juu. Umebeba hata pumzi yangu, Deo, ila jina langu ndilo lilikuwa zito.

Usinitumie vitenge. Ninavyo. Siku utakayorudi, simama mbele ya watu useme nani aliutunga, kisha unipe lile gitaa baba akiwa anaangalia. Nikishindwa kulipiga, nishindwe mimi mwenyewe.

Juzi sahani ilipofika pale penye ukimya, binti yangu aliuliza habari za mjomba wake, "Maman, tonton ananyamaza juu ya nini?"

"Si yeye," nikamwambia. "Ni mimi nageuza sombe."

Alicheka sana. Alidhani namtania.

Basi, kaa vema huko. Baba ni mzima, anaisifu sahani kwa kila mgeni. Nawe kila utakapoimba, ukifika pale, nyamaza vizuri. Mimi bado niko humo.

Dada yako mkubwa