Walimzika Sellah Nikiwa Nairobi

Ijumaa, 9 Oktoba 1998

Bibi yangu Sellah amekufa. Alikufa Jumatano tarehe thelathini, siku moja baada ya mimi kuchomwa moyo hospitali Nairobi. Wakamzika Jumamosi. Mimi nimejua jana.

Wabwile ndugu yangu ndiye alikuja kunichukua stage ya matatu hapa Kimilili. Nikamuuliza mbona Sellah hakukuja. Akasema twende nyumbani kwanza. Tukaingia kwa boma nikaona udongo mpya karibu na migomba. Hakuna mtu aliniambia na mdomo.

Ati wazee walikaa wakakubaliana nisiambiwe. Moyo yangu ingesimama kwa kitanda. Wabwile akarusha udongo ya kwanza kwa jina langu, na mimi nikiwa ward nakunywa uji.

Hii kitabu sista Jerono wa ward alinipa huko. Kila asubuhi nihesabu moyo inapiga mara ngapi kwa dakika, niandike, nimpelekee. Hiyo nimeandika mbele. Huku nyuma nimegeuza. Huku ni yangu.

Leo sabini na mbili.

Jumamosi, 10 Oktoba

Sabini. Haikuruka.

Paja bado nyeusi. Hapo ndio walipitisha waya mpaka kwa moyo, wakachoma ile pahali ilikuwa inaharibu. Madaktari wazungu walikuja na mashine yao wiki moja tu, kisha wakarudi kwao. Wengine walitoka siku ya pili. Mimi paja ikafura, nikalala siku nane zaidi. Daktari akasema mwezi mzima nisibebe kitu. Mimi! Miaka kumi na nane nabeba mahindi kwa stoo Kitale, gunia ya kilo tisini kwa mgongo.

Leo nilienda kuchota maji. Msichana wangu Nasambu akaninyang'anya ndoo. Ana miaka kumi na sita. Ananiongelesha kama mama yake.

Jumapili, 11 Oktoba

Watu wa kanisa walikuja. Wanaimba pole pole, wananiangalia kifua. Nikaanza kulia. Mama mmoja akanishika mkono — ati baba Nasambu jikaze, usisumbue moyo.

Mtu anakatazwa kulia bibi yake.

Jumatatu, 12 Oktoba

Sabini na moja.

Ni Sellah aligundua hii ugonjwa. Kila asubuhi kabla awashe moto alikuwa anaweka sikio kwa kifua yangu. Alisema inaenda kama posho mill ya kusaga unga yenye belti imelegea. Inapiga, inanyamaza, inapiga mbili pamoja. Mimi nacheka. Namwambia toka, nywele yako inaniwasha. Halafu Julai nikaanguka na gunia kwa ubao ya lori. Hapo akakataa kunyamaza. Ni yeye alinisukuma mpaka nikapata barua ya kutibiwa Nairobi.

Sasa inaenda sawa. Hakuna mtu wa kusikiza.

Siku naenda alinisindikiza stage. Alikuwa amefunga leso mbili kwa tumbo, ameshikilia nguzo. Nikadhani ni baridi.

Jumatano, 14 Oktoba

Sitini na tisa.

Nilienda kwa mzee Eliakim, ndugu ya marehemu baba. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Nikamwambia nataka kunyolewa. Kwetu siku ya tatu baada ya kuzika ndio watu wa boma wananyolewa, mwenye bibi anakuwa wa kwanza. Halafu watu wanakaa, inasemwa vile marehemu alikufa, mbele ya kila mtu. Wao walinyolewa bila mimi. Wabwile ako na kipara, Nasambu ako na kipara, hata watoto. Mimi peke yangu niko na nywele. Natembea kwa boma yangu kama mgeni. Na kama sijanyolewa siwezi kula kwa nyumba ya mtu.

Akaniuliza daktari amesema niko sawa? Nikasema ananiona tena Novemba.

"Basi ngoja Novemba. Ukinyolewa lazima usikize vile alikufa. Tumechimba shimo moja. Ya pili hatuna nguvu."

Nikamuuliza alikufa aje kwani. Akarudi kwa mahindi yake.

Si ati wananichukia. Kama wangenichukia ningejua kupigana nao.

Ijumaa, 16 Oktoba

Leo Nasambu alienda sokoni. Nikaenda kwa kaburi peke yangu. Nilikuwa nimeogopa. Nikaweka mkono kifuani, nikangoja.

Sitini na nane. Sawa sawa kama saa ya ukuta. Hata mara moja haikuruka!

Nikaikasirikia. Ilikuwa inaruka nikipanda kilima ya kanisa. Ilikuwa inaruka nikikohoa. Leo nimesimama juu ya Sellah, inapiga tu kama haijui.

Nikachota udongo na mkono, nikarusha. Nimechelewa wiki mbili. Kuku ikaja mbio kuangalia kama ni mahindi.

Jumapili, 18 Oktoba

Kibiwott alikuja kutoka Kitale. Ni nyapara wetu kwa stoo. Ameleta sukari na majani ya chai. Akasema pole, halafu akasema stoo haina raha, hakuna mtu wa kubishana na yeye. Halafu ati hajawahi kuona mtu mwenye moyo ya kuchomwa, ati niko medium ama well done, kama nyama ya hoteli. Wabwile akakasirika. Mimi nilicheka. Ya kwanza tangu nirudi.

Mahindi mpya imeanza kuingia, lori ni nyingi. Ananiwekea kazi ya kushona midomo ya magunia. Kukaa chini, sindano na uzi. Ameniletea sindano mpya. Akasema kuja siku utaweza, lakini mgongo usiguse gunia, nikikuona nitakufukuza.

Kwa lori hakuna mtu atanishika mkono ati jikaze.

Jumanne, 20 Oktoba

Leo sijahesabu.

Shemeji Naliaka alikuja kutoka Sirisia. Dada ya Sellah, yule wanafuatana. Hakuuliza mzee Eliakim. Alitoa wembe kwa kitambaa, akasema keti. Nikaketi kwa stuli ya Sellah ya jikoni. Akaninyoa akiniambia.

Tumbo ilimuuma tangu Agosti. Daktari wa Bungoma alimpa barua ya kupasuliwa. Ile wiki ile ile ya wazungu. Naliaka alimwambia mwambie bwanako. Sellah akakataa. Alijua nikisikia siendi Nairobi. Na ni kweli, singeenda.

"Akirudi nitaenda," alimwambia. "Wazungu wake hawangoji. Wangu wako Bungoma kila siku."

Leso mbili. Haikuwa baridi.

Jumatano ile tumbo ikapasuka. Alifia njiani, kichwa iko kwa mapaja ya Naliaka. Aliuliza mara moja tu, kama wamemchoma tayari. Naliaka hakuwa anajua. Akamdanganya, akamwambia amechomwa, amepona.

Nikamwambia haukumdanganya.

Hapo tulilia wawili. Hakuna mtu alinikataza. Nasambu alisimama kwa mlango na maji. Nililia mpaka paja ikauma. Moyo ikaenda mbio, halafu ikarudi pole pole, yenyewe. Haikuruka.

Barua ya Bungoma iko. Ilikuwa ndani ya mkebe ya majani ya chai. Naliaka ameniachia.

Jumatano, 21 Oktoba

Sabini.

Mzee Eliakim alipita asubuhi akaona kichwa yangu. Akasimama. Akauliza nani. Nikamwambia dada ya Sellah. Akaenda.

Nimeweka vitu mbili kwa mfuko. Sindano ya Kibiwott, na gunia yangu ya zamani ya kufunika mgongo nikibeba. Nasambu aliona sindano. Hiyo ingine iko chini. Ameniuliza mara mbili kama ni kushona tu. Nikamwambia ni kushona.

Daktari alisema mwezi. Imebaki siku nane.

Gunia bado ina alama mahali Sellah alishona kiraka.

Kesho narudi kazi.