Mwogiek Nyumbani kwa Bi Zuhura

Shikamoo, Kogo, nyanya yangu,

Hapa Mji wa Kale joto ni jingi, hata nguo zinanata mwilini. Leo asubuhi Bi Zuhura, rafiki wa Shangazi tuliyefikia kwake, alituandalia mahamri na mbaazi za nazi. Nikatoa ile asali uliyonifungia, nikasema ni ya msituni kwetu. Binti yake, Rukia, akalamba kidole, akacheka. “Kumbe Wandorobo mna vitu vitamu! Na viatu mwavaa?”

Shangazi akawahi kusema sisi ni Wakalenjin tu, ili yaishe. Lakini mimi, Kogo, nikasema, “Sisi ni Waogiek. Hilo jina jingine tulipewa na waliotuona maskini kwa sababu hatukufuga ng’ombe.”

Bi Zuhura akamgeukia bintiye. “Nawe ukiitwa Mwarabu walia, kisha wamfanyia mwenzio hivyo? Mtake radhi.”

“Niwie radhi, dada,” akasema Rukia, macho chini.

Alasiri akaja jirani, akauliza mimi ni nani. Rukia akamjibu kabla yangu: “Mgeni wetu, Mwogiek. Na asali yao tushaimaliza, usiulize.”

Nakupenda sana. Mungu akutunze.

Mjukuu wako,
Chebet