Muhogo Niliousifia Likawage

Mjukuu na mchumba wangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Marahaba, ingawa barua yako ilisahau shikamoo. Huku Likawage tu wazima, mikorosho imetoa maua, na bibi yako ananitukana kila asubuhi, alhamdulillahi.

Umeuliza kabla ya hicho kikaratasi chako cha kugundua sumu ya muhogo, kilichopakwa grafini, ule utando mwembamba unaotokana na madini ya kinywe, sisi tulipimaje. Kwa ulimi, mama.

Mwaka mmoja wa njaa, ambao sitausimulia, tuling'oa muhogo tusioujua. Nikajitia kuuonja. Ulikuwa mchungu, lakini bibi yako, msichana wakati huo, alikuwa ananitazama. Nikatema kwa siri, nikasema, "Mtamu kama wewe!"

"Muongo mkubwa!" Akacheka, akala kipande kizima.

Sikuwahi kumzuia. Nikamfuata mpaka kisimani nikijifanya namtania, kumbe natazama kama bado anapumua vizuri. Kichwa kikamuuma, akatapika, akakaa chini, macho yamemlegea. Nikaona nimeua mtu. Nikapiga magoti nikasema kweli: niliuhisi uchungu.

"Hata mimi niliuhisi," akanong'ona. "Nilidhani wewe unajua."

Alipona, lakini maneno hayo yananitisha hadi leo. Ukija kupima muhogo wetu, watu watakuamini kuliko ndimi zao. Kikaratasi kikikosa uhakika, waambie wazi kuwa hujui, hata kama wanakutazama kwa njaa.

Bibi yako anasema safari hii kipande cha kwanza nile mimi.

Babu yako mtukutu,
Mzee Selemani