Pumzi Tatu Kabla ya Kukaripia

Awendo, Jumanne, mwezi wa tano 1996

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa ndiyo imekatika. Miguu imenivimba, sare ina matapishi begani, na niko jikoni na kikombe cha pili cha chai. Nimechoka vibaya sana, lakini moyo wangu ni mwepesi kama wa mtu aliyetua gunia.

Mtoto amepona. Wacha niandike hilo kwanza.

Mimi ni nesi wa dispensari hii mwaka wa kumi na moja sasa, na huku nje wananiita Sista Pilipili. Wanadhani sijui. Mama akichelewa kliniki, namsema. Akileta mtoto mchafu, namsema. Akisahau kadi, namsema mbele ya benchi zima, na benchi likicheka, naongeza. Nilijiambia kwamba nawafunza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikia raha.

Mwaka juzi alikuja msichana na mtoto anayeharisha. Nilimwambia aende akamwoshe kwanza ndipo arudi.

Hakurudi. Mtoto alifia nyumbani.

Hakuna aliyeniuliza kitu. Sikumwambia mtu, hata mume wangu. Sabato iliyofuata niliimba kanisani kwa sauti kubwa kuliko wote.

Aliyenionyesha njia hakuwa mchungaji wangu. Alikuwa Daktari Kamala, mama wa makamo kutoka Sri Lanka, ambaye mume wake alikuwa na mkataba wa kazi huku. Alikuwa anakuja kutusaidia mara mbili kwa wiki, na sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Siku moja mzee mlevi alimtukana kwa Dholuo matusi ambayo hata mimi nilitazama chini. Daktari akamaliza kumfunga kidonda, akamwambia arudi Ijumaa.

Nilimuuliza kama ameelewa kwamba ametukanwa.

"Nimeelewa, Sista. Nimemwona uso," alisema. "Lakini nikiyapokea, nitaenda nayo nyumbani nimpakulie mume wangu pamoja na chakula."

Nilicheka, halafu nikakosa usingizi siku mbili. Mimi nimewapakulia watu wangu nyumbani miaka mingapi?

Nilipomuuliza nani alimfunza hivyo, alisema ni mafundisho ya Budha, aliyoyapata kwa mama yake tangu mtoto. Niliogopa. Kwetu neno hilo lilikuwa linamaanisha sanamu tu. Nikamwambia wazi kwamba mimi ni Msabato na sitabadilika. Akaniambia hataki nibadilike. Alisema Budha mwenyewe aliwataka watu wasishike neno kwa sababu mkubwa amesema. Kwanza wajaribu neno lenyewe, waone kama linapunguza uchungu, ndipo walishike.

Basi akanipa mambo mawili ya kujaribu. La kwanza: hasira ikipanda, usiifukuze wala usiitii, sikiliza pumzi yako ikiingia na kutoka, mara tatu. La pili: kabla ya kusema, jiulize kama neno ni la kweli, kama litamsaidia huyu, na kama hii ndiyo saa yake. Hilo la saa ndilo lililonikamata. Maneno yangu mengi yalikuwa ya kweli. Saa ndiyo nilikuwa sijali.

Daktari alirudi kwao mwezi wa kumi na mbili. Tangu hapo najaribu peke yangu, na nimeshindwa mara nyingi. Wiki ya kwanza nilihesabu pumzi tatu vizuri sana, halafu nikamkaripia mama wa watu kwa nguvu mpya. Wiki nyingine mume wangu aliniuliza kama nina pumu.

Leo sasa.

Saa nne hivi asubuhi, mkubwa wangu wa kazi akiwa Migori kwenye mkutano, aliingia mama kijana amelowa chapachapa, amebeba kitoto cha kiume cha miaka miwili hivi. Mama huyo jina lake Atieno. Mtoto alikuwa amelegea, jasho linamtoka, mate yanamtiririka mpaka kifuani, misuli ya mashavu inachezacheza.

"Ni malaria, Sista," Atieno alisema kabla sijauliza. "Imempanda kichwani."

Nikafunua jicho la mtoto. Mboni ilikuwa ndogo kama ncha ya sindano. Mapigo ya moyo yalikuwa ya polepole, na kwenye shati kulikuwa na harufu ninayoijua, ila sikuweza kusema ni ya nini.

"Amekunywa nini?"

"Hakuna. Ni malaria tu."

"Mafuta taa? Dawa ya panya?"

"Hakuna, Sista! Hakuna!"

Alikuwa ananidanganya, nami nilijua. Hasira ilinipanda. Maneno yalishafika kwenye meno: Mjinga wewe, unaua mtoto wako mbele yangu. Benchi lote lilikuwa likingoja.

Nikasikiliza pumzi. Moja. Ilikuwa inatetemeka. Mbili. Nikaona mikono ya Atieno ilivyomng'ang'ania mtoto, na jinsi alivyokuwa amekaza macho kwenye mdomo wangu na wala si kwa mtoto. Huyu haogopi ugonjwa, nikajiambia. Ananiogopa mimi.

Ya tatu sikuikumbuka. Nilikuwa nimeshafunga mlango na kuchuchumaa mbele yake.

"Nyathiwa," nilimwambia, mtoto wetu, kwa sauti ambayo sikujua ninayo. "Sitakusema. Hata kidogo. Lakini dawa ya malaria si dawa ya sumu, nami nikikosea tutampoteza. Nisaidie."

Machozi yakamtoka kwanza, halafu maneno.

"Ni dawa ya kupe. Ya ng'ombe. Niliiweka kwa chupa ya soda, Sista. Mimi ndiye niliiweka. Nilienda tu kuanua nguo."

Sasa nilijua la kufanya. Tulimvua nguo, tukamwosha mwili mzima kwa sabuni, nikamchoma sindano ya atropini, dawa ya kuvunja sumu hiyo, nikakaa na kidole kwenye mshipa wake. Nikarudia. Nikarudia tena. Atieno alikuwa ananifutia mtoto mate kwa kanga yake, na kila akifuta yalikuwa yanapungua. Kama saa sita hivi kifua kilikuwa kimekauka na mapigo yamepanda. Halafu yule mtoto akafungua macho, akanitazama, akalia kwa hasira zote za dunia.

Sijawahi kusikia sauti tamu kama hiyo. Akanitapikia begani, nikamshukuru Mungu.

Gari la hospitali ya Homa Bay lilifika saa nane kumchukua, maana wa sumu hiyo lazima aangaliwe hata akionekana amepona. Baba yake alitokea wakati huohuo, ametoka kukata miwa iliyochomwa, masizi mpaka kwenye nyusi. Akauliza kuna nini. Atieno akanitazama. Niliona anaomba niseme mimi, niseme malaria.

Zamani ningesema yote, na kwa sauti. Leo nilisimama tu karibu naye, bega kwa bega, nikangoja.

"Baba Ochi," alisema, "amekunywa dawa ya kupe. Niliiacha kwa chupa ya soda. Ni kosa langu."

Yule mwanamume alimsogelea. Nikafikiri, akiinua mkono nitauzuia. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imeshuka.

"Mimi ndiye nilikupa ile chupa," alisema mwishowe, taratibu. "Nilisema kopo linavuja."

Akapanda gari pamoja nao bila kunawa masizi.

Nilirudi ndani, nikaegemea kabati la dawa, nikalia kidogo. Kama Atieno angeshikilia uongo wake dakika chache zaidi, pengine mkono wangu ungeshika kwinini, dawa ya malaria. Hilo nalijua mimi na sakafu ya chumba kile. Jioni wamepiga simu kutoka Homa Bay: mtoto amekunywa uji, analala vizuri.

Sikufanya jambo kubwa. Nilinyamaza kwa muda wa pumzi mbili na nusu.

Lakini leo kulikuwa na mtoto anayekufa mikononi mwangu, na kifo kinaweza kumnyamazisha yeyote. Kesho atakuja mama mzima na mtoto mzima, amechelewa kwa saa tatu, amesahau kadi, anatafuna muwa.

Je, huyo nitaweza kumngojea?