Sharon Bado Anaitwa Darasani

Mashimoni, Kibera
Jumatano

Kwako Mama,

Najua barua hii utasomewa na Rispa, kwa hivyo Rispa dadangu, soma pole pole na usiruke kitu hata ukiona ni kibaya. Mama, jicho linaendeleaje? Na ule mguu? Huku mvua imetuchosha, matope mpaka mlangoni, lakini mimi mwili ni mzima. Jumapili uliponiuliza kwa simu mkutano wa hotelini ulikuwaje, nilikuambia ulikuwa mzuri, nilikula kuku. Kuku nilikula kweli. Mengine nilikuficha, maana simu yako inasikilizwa na boma zima.

Unamkumbuka Sharon? Ulipokuja kutibiwa jicho, yule msichana wa darasa langu aliyekushika mkono mpaka kwa daktari, akikuonyesha kila mtaro wa kuruka. Ukasema utamwombea kila Jumapili kanisani. Mama, Sharon alikufa. Alikufa mwanzoni mwa muhula huu, kuhara siku mbili tu. Nilishindwa kukuambia. Na kuna jambo baya zaidi nililofanya mimi mwenyewe.

Siku hizi hatuiti majina kwa daftari. Mradi unaotusaidia ulituletea tableti. Asubuhi naita jina, mtoto anaitikia, nagusa alama kwenye kioo, basi. Jumatatu baada ya mazishi nilikuwa nasoma tu majina, akili iko mbali, nikajikuta nimesema "Sharon". Vichwa vyote vikainuka. Halafu Velma, aliyekuwa akikaa naye dawati moja, akasema, "Prezenti, ticha." Nikagusa alama.

Ingeishia hapo, lakini tableti ina sheria zake. Mtoto asipowekewa alama wiki mbili mfululizo, inamfuta. Darasa likishuka chini ya watoto arobaini, linakatiwa uji wa saa nne. Sisi na Sharon tulikuwa arobaini kamili. Na hapa kuna watoto ambao wakishakunywa huo uji hawatii kitu kingine mdomoni mpaka jioni. Basi nikawa namwita kila siku, na Velma anamwitikia kila siku. Hakuna mtoto aliyewahi kucheka.

Sasa wiki iliyopita, Alhamisi, mradi ukanialika kwenye mkutano wa teknolojia ya elimu, huko Westlands. Nilivaa ile sketi ya buluu uliyonishonea. Wakanivika kadi ya jina shingoni, nikakaa mbele kabisa, kimbelembele changu unakijua. Wakubwa wakasimama mmoja baada ya mwingine. Mashine itamsaidia mwalimu. Mashine itamjua kila mtoto kwa jina. Mmoja akasema tableti haisahau mtoto. Yapo mazuri niliyoyaona, siwezi kukataa, kuna kifaa kinachomsomea mtu asiyeona vizuri, na nilikuwaza wewe. Lakini siku nzima sikusikia mtu akiuliza mtoto anakuja shuleni amekula nini. Nilitaka kuinua mkono niulize mimi. Nikaogopa, na woga wangu nilijua ulikotoka.

Kisha Lorna, binti anayesimamia shule zetu, akapanda jukwaani. Akasema atatuonyesha mwanafunzi mmoja, katika shule zao zote, ambaye kwa wiki nane mfululizo hajakosa hata siku moja. Picha ikatokea ukutani. Sharon. Na ile sweta yake isiyo na kifungo.

Ebu fikiria, Mama. Watoto wangu walio hai wanakosa. Wanaugua, wanaachiwa wadogo wao, wanatumwa maji na foleni ni ndefu. Ambaye hakosi ni huyo tu.

Ukumbi ukapiga makofi. "Na mwalimu wake tuko naye! Mwalimu Edna, simama!" Nikasimama. Nikatabasamu, Mama, na hilo linaniuma mpaka leo. Wakanipa kipaza sauti, nikasema ni mtoto mwenye bidii sana. Lorna akasema Ijumaa ya wiki hii watakuja na kamera kumpa zawadi, na mama yake awe kando yake. Nilienda chooni nikamtapika yule kuku wote.

Mama Sharon alihama Kibera baada ya kumzika mtoto, sasa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, huko Kawangware. Jumamosi nilienda kwa miguu.

"Ticha! Kutoka huko kote kwa miguu, kuna nini?"

Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Nilingoja anitupie omena usoni. Akaniuliza, "Kwa hivyo bado mnamwita?"

"Kila asubuhi."

"Na nani anamwitikia?"

"Velma."

Akampimia mteja omena, akamfungia, akarudi kwangu machozi yakimtoka. "Kwangu hakuna mtu anamtaja. Baba yake hataki hata kusikia hilo jina. Kumbe huko mnamtaja kila siku."

Nikamweleza habari ya uji. Nikamwambia pia wazo lililonijia njiani, na naona aibu kuliandika. Velma asimame mbele ya kamera kama Sharon, wale wageni, kwa ile picha moja tu, hawatajua tofauti.

"Hapo hapana, ticha," akasema. "Wangu nilimzika na mikono yangu. Jumatatu nakuja. Umwite nikiwa hapo."

Akaja, aproni yake bado inanuka omena, akasimama mlangoni. Nikaita majina mpaka nikafika pale. "Sharon." Velma alikuwa amefungua mdomo. Akamwona, akaufunga.

Mama Sharon akasema, "Hayupo, ticha. Alikufa."

Hapo ndipo watoto walipolia, Mama. Walilia wote, na siku ya mazishi hawakulia hivyo. Mimi nililia kuwashinda. Kisha nikamfuta.

Nilimpigia Lorna nikamwambia ukweli. Akasema, "Mwalimu, ungeniambia mapema tungetafuta mtoto mwingine wa kupigwa picha." Sasa nimeambiwa nisubiri barua. Kazi sidhani ipo tena, kwa hivyo msishangae mkiniona nyumbani na sanduku.

Leo saa nne watoto walitoa vikombe vyao kama kawaida. Uji haukuletwa. Nikawaambia warudishe vikombe. Velma akaja mpaka mezani kwangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ticha, kwani kesho hatuwezi kumwita tena?" Sijui kama ni njaa au ni kumlilia mwenzake. Sikumuuliza, nikamrudisha kwenye dawati lake.

Mwambie Baba nimepata ujumbe wake kuhusu ng'ombe, na asipande paa mwenyewe. Nisalimie shemeji, mume wa Rispa, na yule shangazi anayenililia kila nikisafiri. Mchungaji pia, lakini haya yote asiambiwe. Utamwambia wewe lile moja tu, kwamba Sharon alikufa.

Maana Jumapili utasimama kanisani utaje majina ya watu wako, kama kawaida yako. Ukifika kwa Sharon, usimruke. Mtaje tu, Mama. Huku hatumwiti tena.

Ni mimi mwanao,
Edna