Nyimbo Alizozikata DJ

Mahoo, Taveta
14 Januari 2024

Wifi yangu mpenzi Mwanaesha,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mzima, na goti limepunguza kelele. Sisi huku hatujambo, ila joto. Mama anakusalimu sana. Ndizi hizi nimempa Mutiso wa basi la asubuhi; akikuambia mkungu ulikuwa mdogo tangu hapa, usimwamini.

Usishangae naandika na simu ninayo. Tukipigiana tunaulizana hujambo, hujambo, mpaka salio linakwisha na la maana halijasemwa.

Nimeona filamu ya Kihindi, wifi! Jirani aliitoa Mombasa. Ni ya kihistoria, mfalme wa jangwani na ngome yake. Wajua tulivyokuwa tukizicheka hizi za wafalme: adui yuko langoni, na malkia anakata viuno uani. Hii sivyo. Nyimbo zimekaa mahali pake. Ule wa harusi wanawake wanauimba wakisaga manjano, na mwendo wa jiwe ndio mwendo wa ngoma. Ule wa askari hauna hata kinanda, ni vifua na ngao tu. Filamu nyingine nyimbo hubandikwa kama kiraka; hizi zimefumwa pamoja na nguo yenyewe.

Mwambie Nzioka wa duka la muvi akuwekee kwenye flashi, kisha uniambie. Huku sina wa kuzungumza naye mambo haya. Kwa mama nimekuwa mgeni asiyeondoka. Wananipa kiti na hawanipi kazi.

Wifi yako,
Nasiha


Voi
29 Januari 2024

Kwako wifi Nasiha,

Wa aleikum salaam. Ndizi zimefika. Mutiso ameapa kwa Mungu wake kwamba hakuzigusa, na maganda nimeyaona mwenyewe chini ya kiti chake. Mama mpe salamu zangu. Goti ni lile lile. Voi ni jua na vumbi, na dukani wateja wanazifungua leso, wanayasoma maandishi, wanacheka, wanazirudisha.

Filamu nimeiona. Wifi, ulikuwa unaota? Hizo nyimbo ziko wapi? Mimi nimeona farasi na panga. Harusi ni kupepesa jicho, mtu kashaolewa. Askari wanalala, wanaamka, wanapigana. Na huyo malkia wako! Mumewe analetwa maiti kwenye machela, anamtazama, na hapo hapo tunamwona amevaa nguo nyekundu, anabebwa mabegani kwenda kuolewa na mfalme mwingine. Hata chozi! Nilizima runinga kwa hasira. Mwanamke yule hakumpenda mumewe, na aliyeitunga hadithi hana adabu.

Au labda ni upweke unaonifanya mkali. Tangu ndugu yangu Abdulbasit afariki, nawe ukamaliza eda ukaenda kwenu, nyumba hii naizungumzisha mwenyewe. Bado napika chai ya watu wawili, kisha nainywa yote ili isimwagwe. Chumba chenu nakifagia kila Ijumaa. Rudi, Nasiha. Watu wanasema mjane asiye na mtoto hana cha kumweka kwa mawifi. Waache waseme. Mume huna hapa, lakini una mimi.

Wifi yako,
Mwanaesha


Mahoo
12 Februari 2024

Wifi yangu Mwanaesha,

Assalaam aleikum. Sote wazima, na mama amepona kikohozi. Nimeisoma barua yako nikacheka mpaka akaja kuniuliza nina nini.

Umepewa ya DJ, wifi! Ile ambayo mtu anasimulia kwa Kiswahili juu ya maneno yao, tangu mwanzo hadi mwisho, sivyo? Wale wakifika kwenye wimbo huukata, maana wimbo hauna ugomvi wa kusimulia. Lakini mbona ukaichukua? Si wewe uliyekuwa ukisema DJ ni kama mgeni anayeongea na tonge mdomoni?

Kati ya machela na nguo nyekundu kuna wimbo mzima. Malkia anakifua kilemba cha mumewe, na damu haitoki. Dirishani misimu inapita: mvua, vumbi, mvua tena. Wajakazi wamekaa kando yake na hawasikii kitu, kwa sababu mdomo wake haufunguki. Sauti inatoka moyoni. Ndiyo maana nasema wimbo ule unafaa. Malkia wa enzi zile hakuruhusiwa kulia mbele ya baraza, basi amelilia humo. Ukiukata wimbo, anabaki mwanamke wa jiwe.

Nami ni hivyo hivyo, wifi. Matangani niliwasikia watu jikoni wakisema, "Huyu mkavu, hata halii." Abdulbasit nilimlilia bafuni, bomba likiwa wazi.

Sasa niseme lililonifanya nishike kalamu. Kuna mtu ameleta posa. Anaitwa Alwi, alifiwa na mkewe, analima vitunguu hapa Mahoo. Ni mpole, na anapenda kusikiliza kuliko kusema. Kaka anataka jibu nami sijalitoa. Nataka nisikie kwako kwanza, maana nikikubali, chumba kile hakina mwenyewe tena. Nijibu upesi, tafadhali.

Wifi yako,
Nasiha


Mahoo
6 Machi 2024

Mwanaesha,

Assalaam aleikum. Natumai u mzima, na kwamba si ugonjwa uliokunyamazisha. Simu hushiki. Mutiso anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama pale dukani, ukaikunja, ukamuuliza vitunguu Taveta ni bei gani.

Nimengoja mpaka kaka amechoka. Nimekubali. Nikah ni baada ya Idi, Jumamosi ya tarehe 27 Aprili.

Si kwamba nimemsahau ndugu yako. Nimechoka kuwa mgeni. Alwi ana dada watatu, na wote wamekuja kunitazama, na wote wananiita wifi. Kila wakiniita nageuka nikidhani ni wewe, kisha naona aibu. Sijui sasa nikuite nani.

Upande wangu ni mama na mashangazi wazee. Hakuna wa kukaa nami ndani siku hiyo, wa kunishika mkono nikiulizwa kama nimeridhika. Ningependa uwe wewe. Najua ombi langu ni zito: uje umtoe mke wa ndugu yako kwa mikono yako. Usipojibu nitaelewa. Ramadhani njema.

Nasiha


Voi
15 Aprili 2024

Nasiha mpenzi,

Wa aleikum salaam, na Idi njema ingawa imekwisha pita. Mimi mzima, na goti ndilo hilo. Siku ya Idi nilikula peke yangu. Majirani waliniletea biriani sahani tatu, kila mmoja akidhani wenzake wamenisahau.

Sikukujibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa kibaya, nikakichana.

Uliniuliza mbona nilichukua ya DJ. Tangu uondoke nachukua za DJ tu, maana aliyekuwa akiniambia wanasema nini ni wewe. Juzi nikamwambia Nzioka anipe ile nzima, ya Kihindi chenyewe. Akasema, "Lakini mama, hutaelewa." Nikamwambia, "Nipe hivyo hivyo."

Nimeuona wimbo wa kilemba. La kulalamika ninalo: ni mrefu, na mle ndani nimesikia gita. Enzi za panga na ngao, gita lilitoka wapi? Neno sikuelewa hata moja. Nimelia mpaka stima ikapotea, na gizani nikaendelea. Wimbo unafaa, Nasiha. Bila wimbo ule nilimtukana mwanamke wa watu bure.

Halafu nikakaa nikafikiri. Nilikuwa nikikuita urudi ili nipate wa kunywa naye chai. Wewe unataka nini, hilo sikuliuliza. Usirudi kwenye chumba kile. Ni chumba cha marehemu, na mimi mwenyewe nikikifagia naharakisha. Naumia, sitakuficha. Lakini huyo mtu anayesikiliza, mchukue. Wa namna hiyo hawapatikani sokoni.

Nitakuja. Nitashuka Taveta Alhamisi, kabla ya hina. Dada zake Alwi wakija kumchukua bibi harusi, wasidhani watafunguliwa kwa urahisi. Mlango ule hufungwa na ndugu zako, na hao wa upande wa bwana watabembeleza mpaka jasho liwatoke. Ulipoolewa na Abdulbasit mimi ndiye niliyekuwa nje, nikigonga. Safari hii niweke ndani, upande wa kwenu.

Jumapili nitapanda basi la asubuhi nirudi Voi, duka halijifungui. Usitoke kunisindikiza. Bibi harusi hatoki, na mimi nikikuona mlangoni sitapanda.

Dada yako,
Mwanaesha